Saa nane ya usiku, mbili ya mashine

Mwenye hoteli Paje akikwambia nakala ya data ichukuliwe saa nane usiku, usiandike 8 kwenye ratiba ya seva yake (kompyuta inayotunza data na kuzihudumia nyengine). Andika 2. Kosa hili lina sura ya kitoto, lakini kwenye seva za Unguja na Pemba ndilo linalorudi kila mara, kwa sababu hakuna kinacholipigia kelele. Mashine inaupokea mstari na kazi inafanyika kila siku kama ilivyoagizwa, ila inafanyika saa mbili asubuhi, wageni wamesimama mapokezi wanalipa bili na hifadhidata inajikongoja. Wiki nzima watu wanalaumu mtandao.

Programu inayosimamia kazi hizi za kupangiwa saa kwenye mfumo wa Linux ni kroni. Kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) huandikwa `cron`, na jina limetokana na neno la Kigiriki la wakati. Ile iliyomo kwenye Debian na Ubuntu, aina mbili za Linux, ina asili yake katika toleo aliloliandika Paul Vixie mwaka 1987, na vituko vyake vingi ni vya zama hizo. Kila dakika huamka, hutazama saa ya mashine, husoma jedwali lake, na mstari unaolingana na dakika hiyo huutekeleza. Basi. Haikumbuki dakika iliyopita wala haiulizi ulikusudia nini.

Jedwali lako unalifungua kwa `crontab -e` na kulisoma kwa `crontab -l`. Kila mstari una sehemu tano za wakati kisha amri: dakika (0 hadi 59), saa (0 hadi 23), tarehe (1 hadi 31), mwezi (1 hadi 12) na siku ya wiki (0 hadi 7, ambapo 0 na 7 zote ni Jumapili). Nyota maana yake ni yoyote.

`17 2 * * * /usr/local/bin/nakala.sh`

Huo ni saa nane na dakika 17 usiku, kila siku. Hiyo 17 ni ya makusudi. Kila mtu huandika 0, kwa hiyo kwenye seva ya kukodi yenye wapangaji wengi, saa kamili ikigonga diski hujaa watu kama soko la Darajani kuamkia Idd. Dakika isiyopendwa na mtu ndiyo yenye nafasi.

Kugeuza saa zetu kuwa za mashine kuna kanuni tatu, na ni vyema uziandike juu ya jedwali lenyewe, kwani mstari unaoanza na alama ya # haufanyiwi kazi. Kuanzia saa moja asubuhi hadi kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa moja hadi saa tano usiku, ongeza 18. Saa sita usiku hadi kumi na mbili alfajiri, toa 6. Juu ya kila kazi andika pia maneno yaliyotoka kinywani mwa aliyeagiza, "saa tatu usiku, ripoti ya bwana mkubwa", ili atakayekuja baadaye aone kama 21 iliyoandikwa ndiyo iliyokusudiwa.

Siku za wiki zina mtego wake. Majina yetu yanahesabu yenyewe: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu. Kroni inaanza Jumapili kwa sifuri. Kwa hiyo Jumatatu ni 1, Jumanne 2, Jumatano 3. Toa mbili kwenye jina. Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano, kwake ni 4. Ijumaa ni 5, Jumamosi 6. Ukikuta 3 kwenye sehemu ya tano na maelezo juu yake yanasema Jumatatu, umeshajua aliyeandika alihesabu kwa lugha gani.

Zito zaidi ni usiku. Mtu mzima wa Mji Mkongwe akisema "usiku wa Ijumaa" anaweza kuwa na maana ya usiku unaoingia Alhamisi baada ya magharibi, kwa sababu siku inabadilika jua likizama. Kijana wake akitamka maneno yaleyale anakusudia Ijumaa yenyewe baada ya Isha. Na mashine inaona siku mpya inaanza saa sita usiku. Kwa hiyo "saa saba, usiku wa Ijumaa" inaweza kuwa `0 1 * * 5` au `0 1 * * 6`. Usikisie. Swali linalotatua jambo ni moja tu: usiku wa kuamkia siku gani? Akishajibu, siku anayoitaja ndiyo inayoandikwa kwa saa zote za kuanzia saa sita usiku, na siku iliyotangulia kwa saa za kabla ya hapo.

Kuna jengine ambalo hata waliozoea huteleza nalo. Ukijaza tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, kroni haitaki vyote viwili vilingane. Kimoja kikilingana inatosha. Mtu anayetaka Jumatatu ya mwanzo ya mwezi huandika `0 2 1-7 * 1`, na anachopata ni kazi inayofanyika kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7, na kila Jumatatu nyengine juu yake. Njia inayofanya kazi ni kubakisha tarehe peke yake na kuuliza siku ndani ya amri:

`0 2 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 1 ] && /usr/local/bin/hesabu.sh`

Siku ya mwisho ya mwezi hupatikana kwa ujanja huohuo: ruhusu tarehe 28 hadi 31, kisha uliza kama kesho ni tarehe mosi, `[ "$(date -d tomorrow +\%d)" = 01 ]`. Na `*/45` kwenye dakika si kila baada ya dakika 45. Ni dakika 0 na dakika 45 za kila saa, yaani pengo la 45 kisha la 15. Namba isiyogawa 60 sawasawa usiitumie pale.

Hayo yote ni kwa mashine inayosoma saa za hapa. Seva ya kukodi iliyoko Ujerumani au Ufaransa mara nyingi huja ikiwa kwenye UTC (saa ya pamoja ya dunia), na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima, hatusogezi saa mbele wala nyuma. Saa mbili asubuhi ya Forodhani, simu yako inaandika 8:00 na seva inaandika 05:00: nyakati tatu za jambo moja. Angalia kwa `timedatectl` kabla ya kuandika mstari wowote. Ukitaka kuihamisha:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Usihangaike kutafuta jina la Zanzibar kwenye orodha, halimo. Hilo la Dar es Salaam ndilo letu. Ukishabadilisha, iwashe upya kroni kwa `systemctl restart cron`, maana isipowashwa upya huendelea kufuata saa iliyoanza nayo, na utakaa unashangaa mbona `date` inasema hivi na kazi zinakwenda vile. Kama seva si yako peke yako na lazima ibaki UTC, kumbuka kwamba tofauti ya saa tatu huvuta na siku. Saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa UTC, ni saa 23 ya Alhamisi: `0 23 * * 4`. Na saa nane ya kuamkia tarehe mosi inageuka kuwa siku ya mwisho ya mwezi uliopita, ndiyo maana sisi hupendelea kuihamisha mashine kuliko kuhamisha akili.

Tuje kwenye malalamiko ya pili kwa wingi: "Nikiiendesha mwenyewe inakubali, kroni ikiiendesha inakataa." Jawabu karibu kila mara ni mazingira. Ukiingia kwenye terminali, mashine inakuandalia vitu vingi: njia za kutafutia programu, folda ulipo. Kroni haikupi hayo. Kwenye Debian inakupa njia mbili tu, `/usr/bin` na `/bin`, na inatumia `/bin/sh`, mfasiri wa amri ambaye si bash, yule wa terminali yako. Programu iliyoko `/usr/local/bin` haionekani mpaka uiandike kwa anwani nzima au uweke mstari wa `PATH=` juu ya jedwali, na uandike njia zenyewe, kwa sababu `$PATH` ndani ya jedwali haifasiriwi. Kujionea kwa macho, weka mstari wa muda:

`* * * * * env > /tmp/mazingira.txt`

Subiri dakika moja, usome faili, kisha uufute mstari. Kinachokuwemo mle ndicho chote alichonacho mtumishi wako.

Halafu ile alama ya asilimia. Ndani ya jedwali, % isiyotanguliwa na mkwaju wa nyuma (`\`) hugeuzwa kuwa mstari mpya, na kinachofuata hulishwa amri kama maandishi ya kusomwa. Kwa hiyo `date +%F` inayokwenda vizuri mkononi hukatika katikati kwenye kroni. Andika `date +\%F`, au, bora zaidi, iweke ndani ya skripti (faili la amri) ambako asilimia haina shida. Kwa ujumla mstari wa jedwali uwe mfupi na kazi yote iwe ndani ya skripti. Skripti yenyewe ipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod 700`, na kama iliandikwa kwenye Windows ikaletwa kwa flashi, isafishe kwa `sed -i 's/\r$//' nakala.sh`, la sivyo mstari wa kwanza utakuwa na herufi isiyoonekana mwishoni na mashine itadai haikioni kitu ambacho wewe unakiona.

Ukiweka kazi ndani ya `/etc/cron.d` badala ya jedwali la mtumiaji, kuna sehemu ya sita kabla ya amri: jina la mtumiaji atakayeiendesha. Ukiisahau, neno la kwanza la amri litachukuliwa kuwa ndilo jina la mtu. Jina la faili mle lisiwe na nukta, `nakala.cron` hurukwa kimya kimya, `nakala` husomwa. Ndivyo ilivyo pia kwa `/etc/cron.daily`: skripti iitwayo `nakala.sh` haitaguswa milele. Hili limewapotezea watu miezi.

Skripti ya nakala ndiyo yenye mambo mengi, tuipitie taratibu. Hii ni ya hifadhidata ya MariaDB iitwayo hoteli:

`#!/bin/bash`
`set -euo pipefail`
`umask 077`
`F=/srv/nakala/hoteli_$(date +%F_%H%M).sql.gz`
`mysqldump --single-transaction hoteli | gzip > "$F.bado"`
`zcat "$F.bado" | tail -n 1 | grep -q 'Dump completed'`
`mv "$F.bado" "$F"`
`find /srv/nakala -name 'hoteli_*.sql.gz' -mtime +14 -delete`

Mstari wa pili ndio uti wa mgongo. Bila `pipefail`, amri mbili zilizounganishwa kwa mstari wima hutoa jibu la ile ya mwisho peke yake. Nenosiri la hifadhidata likibadilishwa, `mysqldump`, inayoitoa data, itashindwa, lakini gzip, inayoibana, itabana hewa tupu kwa furaha na kusema kazi imekwisha salama. Dalili yake ni faili la baiti 20. Ukiorodhesha folda kwa `ls -l` ukaona safu ya baiti 20, 20, 20, huna nakala hata moja, una majina ya nakala. Na usiridhike na `gzip -t`, kwani hilo la baiti 20 nalo hupita mtihani wake. Ni gzip halali ya kitu kisichokuwepo. Ndiyo sababu ya mstari wa sita: `mysqldump` ikifika mwisho huandika maneno hayo mwenyewe, na yasipokuwepo kazi haikufika mwisho.

Lile jina la `.bado` linamkinga anayekuja kuchukua nakala katikati ya uandishi. Umeme ukikatika njiani, utakuta faili la `.bado` na utajua hali yake bila kulifungua.

Kufuta kumewekwa mwisho kabisa, nyuma ya ukaguzi, si kwa ajili ya uzuri. Kukitangulia, au kukiwa kazi ya peke yake kwenye jedwali, nakala mpya zikianza kushindwa za zamani zitaendelea kufutwa kila usiku kwa nidhamu kamili, na baada ya wiki mbili folda ni tupu. Hapa, kitu kikikwama juu, `set -e` inasimamisha skripti na hakuna kinachofutwa. Afadhali diski ijae kuliko iwe safi. Kwa taarifa, `-mtime +14` hufuta kilichotimiza siku 15, kwa sababu `find` hudondosha vipande vya siku kabla ya kulinganisha. Panga nafasi ya diski kwa nakala 15 zinazobaki na ile inayoandikwa.

`--single-transaction` inakupa picha ya wakati mmoja bila kufunga meza, ila ni kwa meza za aina ya InnoDB. Mifumo ya zamani ya baadhi ya hoteli ina meza za aina ya MyISAM. Hizo haziingii kwenye ulinzi huo. Nenosiri lisikae ndani ya skripti wala kwenye mstari wa amri. Liweke kwenye `~/.my.cnf` ya mtumiaji anayeendesha kazi, ruhusa 600, yaani yeye peke yake asome na kuandika. Na kama mapokezi wana kawaida ya kufunga hesabu za siku baada ya saa sita usiku, waulize huwa wanamaliza lini hasa kabla ya kupanga. Nakala iliyochukuliwa katikati ya kufunga hesabu ni ya siku ambayo si leo wala jana.

Sasa mstari wa jedwali ulivyokamilika:

`17 2 * * * flock -n /run/lock/nakala.lock timeout 2h /usr/local/bin/nakala.sh >> /var/log/nakala.log 2>&1`

`flock -n` ni kufuli: kama ya jana bado inaendelea, ya leo inaondoka. `timeout 2h` inaua kazi iliyoganda. Vyote viwili vinahitajiana, hasa kwa kazi za kupeleka nakala nje ya nchi. Mei 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipokatika na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki na mtandao wa kuvizia, kazi za rsync (programu ya kunakili mafaili kwenda mashine nyengine) zisizokuwa na muda wa mwisho zilikuwa za kuganda, kila usiku moja juu ya nyengine. Kufuli bila muda ni kinyume chake: ya kwanza inashikilia mlango na hakuna tena inayoingia hata mtandao ukirudi. Kwa rsync ongeza `--timeout=300`, `--partial` ili iendelee ilipoachia, na `--bwlimit=500` isiwanyang'anye wageni intaneti yote; hizo 500 ni kilobaiti kwa sekunde.

Mpangilio wa `>> faili 2>&1` una maana; ukigeuza, `2>&1 >> faili`, makosa hayaendi kwenye faili. Na ule ufupisho wa `&>` ni wa bash. Kwa `/bin/sh` ya Debian, `amri &> faili` husomeka kama mambo mawili, endesha amri pembeni kisha ondoa kilichomo kwenye faili, na unabaki na logi (faili la kumbukumbu za kazi) tupu kila asubuhi.

Usipoelekeza maandishi popote, kroni hujaribu kuyatuma kwa barua pepe ndani ya mashine. Seva nyingi hazina mfumo wa barua, na kwenye logi ya mfumo utakuta maneno `No MTA installed, discarding output`. Maana yake kosa lilielezwa wazi, likatupwa. Kujua kama kazi iliitwa au haikuitwa, tumia `journalctl -u cron`. Kwenye jamii ya Red Hat ni `crond`, na logi iko `/var/log/cron`.

Umeme. Unguja inalishwa kwa kebo ya chini ya bahari kutoka bara, na Pemba kwa kebo yake kutoka Tanga. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka ilivyo kebo ikiharibika: karibu miezi mitatu ya jenereta na vibatari. Siku hizi ni kukatika kwa saa moja, mbili, lakini kwa kroni dakika moja inatosha. Mashine ikiwa imezimika saa nane na dakika 17, kazi ya usiku huo haipo, na ikiwaka saa nane na dakika 20 kroni haina habari kwamba ilikosa kitu. Duka lenye seva chini ya kaunta, ambalo mwenyewe huzima kila kitu akifunga, halitapata nakala hata siku moja kwa mstari ule. Hapo panga mchana wakati wa kazi, au tumia chombo kinachokumbuka.

Vipo viwili. Anacron huhesabu kwa siku: kwenye `/etc/anacrontab` unaandika `1 15 nakala /usr/local/bin/nakala.sh`, yaani mara moja kwa siku, dakika 15 baada ya anacron kuanza, na kama jana ilikosekana itafidiwa. Saa kamili haikuahidi. Cha pili ni taima ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, na kwa seva za visiwani ndiyo tunayoipendelea. Unaandika mafaili mawili ndani ya `/etc/systemd/system`. La `nakala.service` lina `Type=oneshot`, `TimeoutStartSec=2h` na `ExecStart=/usr/local/bin/nakala.sh` chini ya `[Service]`, na `After=mariadb.service` chini ya `[Unit]`. La `nakala.timer` ni hili:

`[Timer]`
`OnCalendar=*-*-* 02:17:00 Africa/Dar_es_Salaam`
`Persistent=true`
`RandomizedDelaySec=10min`
`[Install]`
`WantedBy=timers.target`

`Persistent=true` ndiyo kumbukumbu: wakati ukipita mashine imezima, kazi huitwa ikiwaka. Eneo la saa limeandikwa palepale, kwa hiyo hata seva ya UTC haikuchanganyi. Kufuli halihitajiki, taima haiiti tena huduma ambayo bado inaendelea. Ule muda wa 02:17 upime kwanza kwa `systemd-analyze calendar`, itakuonyesha mara inayofuata ni lini. Kisha `systemctl daemon-reload` na `systemctl enable --now nakala.timer`, wengi huwasha `.service` badala ya `.timer`, kazi inafanyika mara moja mbele ya macho yao, wanaondoka wameridhika, na haifanyiki tena. `systemctl list-timers` inasema ukweli.

Ubaya wa kumbukumbu ni kwamba umeme wa hapa hurudi kwa mikupuo: unawaka dakika tatu, unakatika, unawaka. Kazi nzito ikianza sekunde mashine inapopata uhai, mkupuo wa pili unaikuta katikati. Ule uchelewesho wa bahati nasibu wa hadi dakika 10 unasaidia kidogo. UPS (betri ya akiba) inayojua kuiambia seva ijizime kwa adabu inasaidia zaidi. Na usiweke `Persistent` kwenye kila kitu. Kazi ya kutuma ujumbe kwa wateja saa mbili asubuhi haina maana ikitoka saa tano usiku.

Kukatika kwa umeme kunaumbua pia betri ndogo ya saa, ile CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha, mashine huamka ikiamini iko miaka nyuma, mpaka mtandao upatikane na saa isahihishwe. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani kabisa. Saa ikiruka mbele kwa zaidi ya saa tatu, kroni ya Debian huona ni masahihisho, haifidii kilichorukwa. Washa `systemd-time-wait-sync.service`, halafu kwenye huduma ya nakala andika `After=time-sync.target` pamoja na `Wants=time-sync.target`, ili isianze kabla saa haijawa ya kweli. Kwa mashine iliyo kando ya bahari, Nungwi au Mkoani, ukifungua boksi kubadilisha betri tazama na kutu ya miguu yake, chumvi haichagui.

Kuhusu `crontab -r`, itoshe kusema kwamba inafuta jedwali zima bila kuuliza, na herufi r iko pembeni ya e kwenye kibodi. Weka `crontab -l > /srv/nakala/jedwali.txt` iwe miongoni mwa kazi za kila usiku.

Ukimya wa kazi zilizokufa hauvunjwi na mashine ileile, kwani ikizimika haiwezi kusema imezimika. Mashine ya pili, hata kompyuta kuukuu ya ofisini Chake Chake, iingie kwa ssh (njia ya kuingia mashine ya mbali) kila asubuhi na kuuliza:

`find /srv/nakala -name 'hoteli_*.sql.gz' -size +100k -mmin -1560 | grep -q .`

Dakika 1560 ni saa 26, siku moja na ucheleweshaji wa saa mbili. Ukubwa wa chini uweke kulingana na data yako. Jibu likiwa hapana, ujumbe utumwe kwenye simu ya mtu anayejulikana kwa jina, si kwenye sanduku la barua la "IT". Mara moja kwa mwezi rejesha nakala moja kwenye hifadhidata ya majaribio na upime imechukua dakika ngapi, maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa siku ya msiba.

Limebaki la mwezi. Sikukuu za tarehe, Mapinduzi 12 Januari au Muungano 26 Aprili, zinaandikika. Ramadhani haiandikiki. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa hesabu ya mashine, na kuanza kwake kunategemea kuandama, jambo linalojulikana baada ya magharibi ya jioni ileile. Kroni haijui mfunguo mosi. Na ofisi nyingi zikifunga mapema, ripoti ya saa tisa na nusu alasiri humkuta mlinzi. Suluhisho letu ni faili tupu la alama na mistari miwili:

`30 15 * * 1-5 [ -e /etc/ramadhani ] || /usr/local/bin/ripoti.sh`
`30 13 * * 1-5 [ -e /etc/ramadhani ] && /usr/local/bin/ripoti.sh`

Mwezi ukitangazwa, mwenye zamu anaandika `touch /etc/ramadhani`. Ukiandama wa Idd anaandika `rm /etc/ramadhani`. La kwanza hakuna anayelisahau. La pili, katika pilikapilika za nguo na maandazi, husahaulika karibu kila mwaka, kwa hiyo tunaongeza mstari wa tatu wa kila asubuhi, `find /etc/ramadhani -mtime +29`, unaotuma ujumbe ukikuta kitu. Tangu jioni ya kuandama, mwezi hauzidi siku 30.